Tumbo Linapanda na Kushuka, Nitoe Mrija? Mwongozo wa Dawa za Kulegeza Misuli kwa Wanaoanza Kazi ya Usingizi

Kila kundi jipya la wanafunzi likiingia thieta, maswali huja yale yale, kana kwamba kundi lililopita liliyaacha mlangoni. "Nimempa suksa, mbona oksijeni inashuka?" "Tumbo linapanda na kushuka, nitoe mrija?" "Dakika 20 zimepita, kwa nini hapumui?" Nimeyajibu Iringa, nimeyajibu Mbeya, nimeyajibu kwa simu saa nane usiku huku mtandao wa Makete ukikatakata. Leo nayaandika. Suksa ni moja ya dawa za kulegeza misuli, na mrija ni ule wa hewa unaopitishwa kooni.

Naongea na wewe uliyeanza mafunzo ya usingizi, una msimamizi, na unajua kumpumulisha mtu kwa barakoa na ambu (ule mfuko wa hewa unaobanwa kwa mkono). Kama hilo la mwisho bado linakushinda, ishia hapa, kajifunze kwanza. Usiondoe pumzi ambayo huwezi kuirudisha kwa mikono yako. Dozi nilizoandika ni za kawaida kwa mtu mzima. Kwa mtoto, mjamzito au mwenye figo mbovu, kaa na msimamizi wako mzihesabu pamoja.

Nadharia kidogo tu

Dawa za kulegeza misuli hufanya kazi pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli. Kwa kawaida mshipa humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, kemikali hiyo hukaa kwenye viti vyake juu ya msuli, na msuli hujikaza.

Suksamethoniamu, yaani suksa, hukaa kwenye viti hivyo na kuuamsha msuli kwanza. Ndiyo maana unaona mitetemo midogo usoni, kifuani na miguuni, kisha kila kitu kinalegea. Kundi la pili, yaani vekuroniamu, atrakuriamu, rokuroniamu na pankuroniamu, hukaa kwenye kiti na kunyamaza. Ni kama abiria wa daladala ya Uyole aliyeshika siti: halipi nauli, hashuki, na mwenye haki ya kukaa anabaki amesimama mlangoni.

Misuli ya kupumua ni misuli kama mingine, kwa hiyo nayo hulegea. Mgonjwa huacha kupumua kwa sababu kiwambo (ule msuli mpana kati ya kifua na tumbo), misuli ya mbavu na misuli ya koo haitii tena amri. Ubongo unaamuru vizuri kabisa. Moyo hauguswi kwa namna hiyo, unaendelea kupiga. Kwa hiyo una mtu mwenye mapigo mazuri, presha nzuri, na hapumui hata kidogo. Dakika za mwanzo anaonekana yuko salama. Hapo ndipo wengi hujisahau.

Na misuli haiko sawa. Kiwambo ni kigumu kulegezwa, kinahitaji dawa nyingi kuliko misuli ya mkono, na ndicho hutangulia kurudi. Misuli ya koo, ile inayoshikilia ulimi usianguke na kuzuia mate yasiingie kwenye njia ya hewa, huchelewa. Shika hilo. Nitalirudia kwenye hatua ya 9.

Jambo jingine: dawa hizi hazilazi usingizi wala hazitulizi maumivu. Mwaka 1947 daktari mmoja wa Marekani, Scott Smith, alikubali kupewa kurare, babu wa dawa hizi, bila dawa ya usingizi. Alilegea mwili mzima, wenzake wakampumulisha, na baadaye akasimulia yaliyokuwa yakifanyika muda wote ule. Mgonjwa wako akilegezwa huku yuko macho atakusikia ukiongea habari za mpira, atausikia na wembe.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Usiseme "kipo stoo". Kiwe mezani, na umekijaribu mwenyewe.

- Ambu na barakoa za saizi tofauti, mbili au tatu. Ziba tundu kwa kiganja, bana, uone kama inashika hewa.
- Chanzo cha oksijeni cha kwanza na cha pili. Mashine ya kuchuja oksijeni hutegemea umeme, na umeme wetu unaujua. Mtungi mdogo wenye lita 680, ukiwa umejaa, kwa mtiririko wa lita 10 kwa dakika unakwisha kwa saa moja na dakika chache. Geji ikiwa nusu, muda ni nusu.
- Mashine ya kufyonza inayovuta kweli, na mrija wake uko chini ya mto wa mgonjwa.
- Laringoskopu (kifaa cha kuangalia kooni) 2 zenye taa inayowaka. Betri za akiba mfukoni.
- Mirija ya hewa: 7.0 na 7.5 kwa mwanamke, 7.5 na 8.0 kwa mwanaume, na mmoja mdogo zaidi. Puto lake limejaribiwa.
- Waya wa kunyooshea mrija, na ule mrefu wa kuongozea ikiwa huoni vizuri.
- Kifaa cha kushikia ulimi na barakoa ya koromeo kwa siku mrija unapogoma.
- Oksimita (hupima oksijeni ya damu kidoleni), mashine ya presha, stetoskopu, kipimajoto. Kapnografu (huonyesha kabonidioksaidi anayotoa mgonjwa) kama ipo. Ikiwepo, usiiache kwenye boksi.
- Dawa zilizovutwa na kuandikwa lebo: ya usingizi, ya kulegeza, atropini, neostigmini (ya kugeuza ile ya kulegeza), na ya kupandisha presha.
- Mtu wa pili anayejua kazi yake ni nini. Mwambie kabla.

Suksa, atrakuriamu na rokuroniamu hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Vekuroniamu ni unga, unauyeyusha wakati wa kutumia. Suksa iliyokaa dirishani wiki kadhaa ikishindwa kufanya kazi usilaumu kiwanda.

Hatua kwa hatua

1. Muulize maswali ambayo wengine huyaruka.

Uzito, mzio, alikula saa ngapi, meno ya bandia: hayo unayajua. Ongeza haya.

Kuna mtu kwenu aliyewahi kuchelewa kuamka baada ya nusu kaputi, au aliyekufa mezani? Kuna familia zenye upungufu wa kimeng'enya kinachovunja suksa kwenye damu. Kwa kawaida suksa hulegeza dakika 5 hadi 10 tu. Kwa mtu wa aina hiyo huenda saa kadhaa.

Umepiga dawa shambani juzi? Huku kwetu swali hili lina uzito wake. Wakulima wa nyanya wa Ilula na wa viazi wa Njombe hupiga dawa za wadudu, wengi bila glovu wala barakoa, na baadhi ya sumu hizo huua kimeng'enya kilekile. Na wapo wanaoletwa wamekunywa sumu hiyo kwa makusudi, wanahitaji mrija haraka. Kwa mgonjwa wa namna hiyo iache suksa kama una dawa nyingine. Ukiitumia, jiandae kumpumulisha hadi kesho.

Ameungua, amevunjika uti wa mgongo, amepondwa misuli, au amelala kitandani wiki nyingi? Suksa huongeza potasiamu kwenye damu. Kwa mtu wa kawaida inapanda kidogo, kama milimoli 0.5 kwa lita. Kwa aliyeungua vibaya, kuanzia siku ya pili hivi hadi atakapopona, inaweza kupanda hadi moyo ukasimama. Dereva wa bodaboda aliyeletwa leo leo hayumo katika hatari hii. Yule aliyelazwa wiki 3 hasogezi miguu, yumo.

Yuko kwenye magneziamu salfeti kwa kifafa cha mimba? Amepewa jentamisini? Zote mbili huzidisha nguvu za dawa za kundi la pili. Punguza dozi, na usitegemee muda wa kitabuni.

2. Chagua dawa, andika lebo, sema kwa sauti.

- Suksa: miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo. Inaanza ndani ya sekunde 30 hadi 60.
- Vekuroniamu: 0.1 kwa kilo. Inaanza dakika 2 hadi 3, inakaa dakika 25 hadi 40.
- Atrakuriamu: 0.5 kwa kilo. Muda unakaribiana na huo. Huvunjika yenyewe kwenye damu bila kutegemea ini wala figo, kwa hiyo ni rafiki wa mgonjwa wa figo.
- Rokuroniamu: 0.6 kwa kilo. Ukitaka ikimbie kama suksa, 1.2, lakini hapo italegeza saa nzima na zaidi.
- Pankuroniamu: ukiikuta, kumbuka inakaa saa moja au moja na nusu. Kwa upasuaji mfupi iache kwenye kabati.

Kosa la kawaida: mabomba 2 ya sindano yanayofanana, hayana lebo, yako kwenye trei moja. Nimewahi kumshika mkono mwenzangu akiwa anaingiza vekuroniamu kwa mgonjwa aliye macho, akidhani ni dawa ya kichefuchefu. Tangu siku hiyo dawa ya kulegeza naiweka trei yake peke yake, na lebo naiandika kabla ya kuvuta dawa.

3. Jaza oksijeni mapafuni kabla ya kuondoa pumzi.

Jibu la "mbona oksijeni inashuka" liko hapa. Mtu mzima akiwa ametulia hutumia oksijeni karibu mililita 250 kwa dakika. Akitoa pumzi ya kawaida, mapafuni hubaki hewa ya lita 2 hadi 2.5. Kama ni hewa ya chumbani, humo mna chini ya nusu lita ya oksijeni, kwa hiyo ndani ya dakika moja au mbili umeshaingia matatani. Ukiijaza oksijeni tupu kwanza, mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa hadi dakika 8 kabla oksimita haijafika 90. Mjamzito, mnene na mtoto hawapati hata nusu ya muda huo.

Na hapa kwetu tuko juu. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi, na Makete maeneo mengi yamepita 2,000. Kwa mita 1,700 shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Dar es Salaam. Tangi la mapafu ni lilelile ila kinachoingia ndani kimepungua karibu moja ya tano. Mwanafunzi aliyezoea Kyela, kule chini kandokando ya Ziwa Nyasa, akihamia Makete ataona wagonjwa "wanashuka haraka". Usishtuke ukiona mtu mzima wa afya ana 94 au 95 kabla ya chochote. Tumia hiyo kama sababu ya kujaza oksijeni vizuri zaidi.

Namna ya kufanya: inua kichwa cha kitanda kidogo. Bana barakoa usoni isivuje. Mtiririko lita 10. Dakika 3 za kupumua kawaida, kwa saa ya ukutani. Ikiwa ni dharura ya kukimbizana, pumzi 8 kubwa ndani ya dakika moja.

Kosa la kawaida: barakoa imeshikwa sentimita 2 juu ya pua "asiogope". Hapo anavuta hewa ya chumbani.

4. Usingizi kwanza, kulegeza baadaye.

Toa ketamini, propofoli au thiopentoni, uhakikishe amelala. Gusa kope, mwite jina. Ndipo uingize dawa ya kulegeza na kuisukuma kwa maji ya dripu. Angalia saa, iandike.

Ukiwa na shaka na njia ya hewa (kidevu kidogo, shingo fupi, uvimbe, mdomo haufunguki), usimlegeze kabla ya kumwita mkubwa wako. Mtu anayepumua mwenyewe, hata kwa shida, bado ana njia. Ukimlegeza, njia yote iko mikononi mwako.

5. Subiri, weka mrija, hakikisha uko mahali pake.

Kwa suksa subiri mitetemo ipite hadi vidole vya miguu. Kwa vekuroniamu subiri dakika 3 kamili huku ukimpumulisha taratibu kwa barakoa. Wanaoanza huingiza laringoskopu baada ya dakika moja, wanakuta nyuzi za sauti zinacheza na mgonjwa anakohoa, wanasema dawa ni mbovu.

Mwanamke, mrija uishie sentimita 21 kwenye meno. Mwanaume 23. Ukizidi hapo unaingia pafu la kulia peke yake.

Halafu hakikisha. Kapnografu ikionyesha mawimbi pumzi baada ya pumzi, uko ndani. Kama huna, sikiliza tumboni kwanza, halafu kwapa zote mbili, angalia kifua kikipanda pande zote. Ukungu ndani ya mrija si ushahidi, hata mrija ulioko kwenye umio unaweza kuonyesha ukungu. Na oksimita haitakuambia mapema. Ukijaza oksijeni vizuri, itabaki 98 kwa dakika kadhaa mrija ukiwa tumboni. Ukiwa na shaka, utoe, rudi kwenye barakoa. Hakuna aliyewahi kufa kwa sababu mrija ulitolewa na akapumulishwa vizuri kwa barakoa.

6. Mpumulishe wewe, maana yeye hawezi.

Pumzi 10 hadi 12 kwa dakika, kila moja mililita 6 hadi 8 kwa kilo ya uzito unaolingana na urefu wake. Kwa mtu wa kilo 60 ni kama mililita 400. Mikono yenye hofu hubana 800, mara 25 kwa dakika. Hewa inaingia tumboni au inabamiza mapafu, presha inaanguka, na kabonidioksaidi inafukuzwa kiasi kwamba mwishoni ubongo hauoni sababu ya kuvuta pumzi.

Umeme ukikatika, na utakatika, mkono unakwenda kwenye ambu kabla mdomo haujauliza jenereta iko wapi.

7. Tunza saa na tunza joto.

Ukihitaji kuongeza, toa robo au moja ya tano ya dozi ya kwanza, uandike saa. Usiongeze kwa sababu tu daktari wa upasuaji amesema "tumbo gumu". Huenda usingizi ni mwepesi. Pima mapigo na presha, ongeza usingizi kwanza.

Joto wengi hulipuuza. Mwezi wa sita na wa saba Njombe asubuhi kuna umande unaoganda, na thieta nyingi zetu hazina kipasha joto. Mgonjwa yuko uchi, tumbo wazi, dripu za baridi zinaingia. Joto la mwili likishuka nyuzi 2 tu, muda wa vekuroniamu unaweza kufika mara 2 ya kawaida. Mfunike kila pasipohitajika kuonekana, kichwa kikiwemo. Weka chupa za dripu kwenye maji ya uvuguvugu. Nimeona watu wanamwaga neostigmini juu ya neostigmini kwa mgonjwa ambaye tatizo lake lilikuwa kukosa blanketi.

8. Geuza dawa kwa wakati wake.

Neostigmini huzuia asetilikolini isivunjwe, ili iwe nyingi na kumwondoa yule abiria kwenye siti. Lakini kama siti zote zimejaa, haina nguvu ya kutosha. Ukiwa na kifaa cha kupima mishipa ya fahamu, kile kinachoushtua mshipa mara 4 mfululizo ili msuli utikisike, subiri uone angalau mitikisiko 2 kati ya 4. Kama huna, na wengi hatuna, subiri mgonjwa aanze kujaribu kuvuta pumzi mwenyewe, na iwe imepita dakika 20 hadi 30 tangu dozi ya mwisho.

Mtu mzima: neostigmini miligramu 2.5 pamoja na atropini miligramu 1 hadi 1.2. Atropini isikosekane, neostigmini peke yake huangusha mapigo na kujaza mate.

Kisha subiri dakika 10. Nguvu yake hufika kileleni kati ya dakika ya 7 na ya 11. Siku mtakayopata sugamadeksi, itageuza rokuroniamu na vekuroniamu kwa dakika chache. Kwa atrakuriamu na suksa haina kazi.

Suksa haigeuzwi. Neostigmini huzuia pia kimeng'enya kinachoivunja, kwa hiyo ukiitoa unaweza kurefusha tatizo.

9. Pima nguvu, usipime tumbo.

Sasa swali kuu. Tumbo linapanda na kushuka: kiwambo kimerudi. Kiwambo pekee. Koo lake bado linaweza kuwa limelala, ulimi ukaanguka, mate yakaingia mapafuni. Hata ule uwezo wa mwili kushtuka oksijeni ikipungua bado umefifia.

Miaka yangu ya mwanzo, jioni ya Juni, hospitali siitaji, nilikuwa na mzee wa Kibena aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri iliyonasa. Neostigmini nilikuwa nimeitoa dakika 3 zilizopita. Tumbo likapanda, oksimita 97, mgonjwa mwingine anasubiri nje. Nikatoa mrija. Kwenye korido kwenda chumba cha kuamkia akaanza kukoroma, kisha ukoroma ukanyamaza huku tumbo bado linahangaika. Oksimita 78. Nilimbana ambu ukutani pale pale, nikiwa nimemwinua kidevu, hadi nguvu zikarudi. Asubuhi nilipopita wodini alinisalimia, "Kamwene," halafu akasema, "Nilikuwa nakusikia unaniita. Sikuweza kukujibu."

Kwa hiyo kabla ya kutoa mrija, awe amefungua macho na anafuata maelekezo, halafu:

a) ainue kichwa kutoka kwenye mto kwa sekunde 5, bila kusaidiwa;
b) abane vidole vyako na aendelee kubana;
c) ang'ate kijiti cha mdomoni usiweze kukichomoa kirahisi;
d) ameze, na kikohozi kiwe na nguvu.

Hata hivyo vipimo hivi si kamili. Mtu anaweza kuinua kichwa huku dawa bado ipo kiasi. Kwenye kifaa cha kupima tunataka mtikisiko wa nne ufikie asilimia 90 ya ule wa kwanza. Bila kifaa, kinachokulinda ni muda, dozi ndogo, na kutokuwa na haraka. Fyonza mate kabla, mpe oksijeni tupu, toa mrija akivuta pumzi.

10. Nenda naye.

Alale ubavu au ameinuliwa kichwa, oksijeni usoni, oksimita kidoleni, na wewe au muuguzi anayejua anachokiangalia karibu yake. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye hatari. Usimkabidhi kwa ndugu mlangoni.

Mambo yakienda kombo

*Suksa imepita dakika 20, hapumui.* Endelea kumpumulisha na umlaze usingizi, maana anaweza kuwa anasikia. Usitoe neostigmini. Usitoe mrija kujaribu. Saa 2, saa 6, zitapita na atapumua. Piga simu hospitali ya rufaa mapema, kabla mikono haijachoka na mtungi haujaisha.

*Anapumua haraka, pumzi fupi za kudunda, kichwa kinatikisika, anarusharusha mikono.* Huyu ni kama samaki mbasa aliyetupwa mchangani Matema. Watu humwita "msumbufu" na kumchoma dawa ya kutuliza, na hapo ndipo humuua. Amelegezwa nusu. Msaidie kwa ambu, mlaze tena usingizi, mpashe joto, angalia kama alipata dozi kamili ya kugeuza.

*Anapumua polepole, mara 6 kwa dakika, pumzi nzito, mboni za macho ndogo kama ncha ya sindano.* Huyo si wa dawa za kulegeza. Ni morfini, pethidini au fentanili. Ukimwambia "vuta pumzi" atavuta vizuri, kisha atasahau. Mpumulishe, fikiria naloksoni (dawa inayoondoa nguvu za hizo) kidogo kidogo.

*Hapumui kabisa, hana dalili ya kujaribu, na dawa ya kundi la pili ilitolewa muda mrefu.* Angalia joto. Angalia kama ulimpumulisha kupita kiasi. Kumbuka magneziamu, jentamisini, figo. Halafu hesabu mabomba ya sindano: je, kuna dozi mtu mwingine aliongeza bila kuandika?

*Oksijeni inashuka mrija ukiwa ndani.* Mtoe kwenye mashine, bana ambu kwa mkono wako mwenyewe, na uende kwa mpangilio: mrija umehama? Umeziba kwa makohozi au umejikunja? Upande mmoja wa kifua haupandi na presha inaanguka, yaani hewa imevuja ndani ya kifua? Mtungi umeisha au bomba limechomoka? Mara nyingi ni hilo la mwisho.

*Baada ya suksa taya limekaza badala ya kulegea, mapigo yanakimbia, joto linapanda, na ulikuwa unatumia halotheni (dawa ya usingizi ya kuvuta).* Funga halotheni sasa hivi, oksijeni tupu, mpoze, ita msaada. Ni nadra, lakini huua.

*Umerudia suksa na mapigo yameanguka hadi 35.* Atropini. Kwa watoto ivute kabla ya kuanza.

*Mrija hauingii na tayari umemlegeza.* Jaribio la pili, badilisha kitu: mto, kisu cha laringoskopu, mtu. Baada ya hapo acha. Barakoa, ambu, kifaa cha kushikia ulimi, mikono miwili kwenye taya, au barakoa ya koromeo. Akipumulishwa vizuri hivyo, una muda wa kufikiri, na kama ni suksa atarudi mwenyewe.

*Yule wa suksa iliyogoma kuisha ameamka.* Mwandikie karatasi: jina la dawa, dozi, muda aliokaa bila kupumua. Ibandike kwenye daftari lake la kliniki. Waite ndugu wa damu, waambie nao wataje jambo hili kila wakienda kufanyiwa upasuaji. Waambie kwa mdomo pia, mbele ya yule anayekumbuka mambo ya ukoo, maana karatasi hulowa mvua.